Kalipa ya Upande wa Kulia

Siku tuliyomzika mume wangu Njiru, mpwa wake alisimama mbele ya watu akasoma maisha ya marehemu kwa sauti nzuri ya kanisani. Alisoma shule alizosoma, kazi alizofanya, kamati ya maji aliyoiongoza, majina ya watoto wetu kutoka wa kwanza hadi kitinda mimba. Alipofika kwenye miaka ya mwanzo ya ndoa yetu alisoma, "Kwa muda wa mwaka mmoja marehemu alifanya kazi ya udereva nje ya nchi, kisha akarudi salama kwa familia yake." Akageuza ukurasa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele chini ya hema, leso mkononi, na nadhani hapo ndipo watu waliponiona nikilia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wakadhani nimeliangalia jeneza. Sikumlaumu kijana. Aliponijia nyumbani Meru na kalamu yake kuniuliza aandike nini juu ya mwaka ule, maneno yale nilimpa mimi mwenyewe, kwa sababu yale mengine Njiru alinipa peke yangu na sikuona kama ni ya kusomewa watu waliosimama juani. Lakini tangu siku hiyo neno lile, salama, limekuwa likinikera kama punje ya mchanga jichoni. Basi nitausimulia mwaka huo kama nilivyoupitia. Sitaanza na wazazi wetu wala jinsi tulivyokutana. Nitaanza pale yeye alipoondoka.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu, katika ploti ya mabati yenye bomba moja la maji katikati. Mimi nilikuwa taipisti katika ofisi moja ya serikali. Njiru alikuwa dereva, na kabla ya kuwa mume wangu alikuwa tayari mume wa gari lake, saluni kuukuu ya Kifaransa, rangi ya maziwa, aina ile iliyokuwa ikibeba wasafiri wa safari ndefu miaka ile. Lilisimama kati ya bomba na ua wa miiba ya kayaba. Januari hiyo alikuwa amepata kazi na shirika moja la misaada, kuendesha malori ya chakula kutoka Lokichogio kuvuka mpaka kuingia Sudan, na wiki yake ya mwisho nyumbani aliitumia akiwa amelala chini ya gari. Alikuwa anapaka kalipa rangi. Mimi sikujua kalipa ni nini mpaka aliponivuta mkono akanionyesha: kile chuma kizito nyuma ya gurudumu kinachoikumbatia diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na kuibana mtu anapokanyaga breki. Alikuwa ameyaona magari ya mashindano yakipita Embu wakati wa Pasaka, na ndani ya rimu zake kitu chekundu kikimetameta, na wekundu ule ukamkaa moyoni. Alipata mahali fulani kikopo kidogo cha rangi isiyoogopa moto. Aliisugua kalipa ya kushoto siku nzima kwa brashi ya waya, akaiosha kwa petroli, akaipiga msasa, akaipaka mara tatu, na kila alipomaliza mkono mmoja wa rangi aliniita nije nione, nami nikaja na unga mikononi nikasema, "Imependeza," ingawa ilikuwa ile ile niliyoiona asubuhi.

Gari la shirika lilikuja kumchukua siku moja kabla ya siku aliyoambiwa. Alikuwa hata hajanawa. Alikimbia kuokota nguo, nami nikasimama mlangoni na sahani ya githeri ambayo hakuwa amemaliza. "Na huo upande wa kulia?" nikamwuliza, kwa sababu sikuwa na lingine la kuuliza mbele ya wale wageni wenye gari. Akasema, "Wacha tu hivyo. Nikirudi nitamaliza. Wewe usiguse." Akacheka, akanishika bega kwa mkono wenye rangi. Alikuwa ameliinua gari juu ya mawe ya kujengea na kuyatoa magurudumu yote manne ili mipira isioze wala isiibwe, na magurudumu hayo akayapanga chumbani kwetu, karibu na kichwa cha kitanda. Hivyo ndivyo nilivyoachwa: gari bila miguu nje, na miguu yake ndani, ikinuka mpira na vumbi la barabara za zamani. Nilitandika kitambaa juu ya magurudumu nikaweka redio. Asubuhi nilipoamka kitu cha kwanza nilichokiona ni yale magurudumu, na kabla sijakumbuka kwamba Njiru hayupo, kwa muda mfupi, nilidhani ni mtu ameinama.

Watu huzungumzia upweke kama kwamba ni kimya. Ploti yetu haikuwa na kimya hata dakika moja. Kuta za vyumba hazikufika kwenye mabati. Juu kulikuwa wazi, na sauti za watu wote zilipita huko kama moshi. Nilijua nani amekohoa, nani amechapwa, nani ameunguza ugali. Upweke wangu ulikuwa kwenye sufuria. Sikuweza kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono ulikuwa umezoea kipimo cha watu wawili na haukutaka kufundishwa. Nilipika mukimo, nikala upande mmoja, na upande wa pili ukaganda ukinitazama, na asubuhi nikawaita watoto wa Mama Wanja, jirani yangu wa ukutani, waje wamalize kabla ya shule. Watoto hao ndio walionipa jina. Kwa kuwa sikuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, na kwa kuwa walizoea kuniona nikilipangusa lile gari jioni, wakaniita Mama Gari. "Mama Gari, kuna mukimo?" Nilicheka nao. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa karibu na magurudumu.

Mwezi wa Machi dereva mmoja wa malori aliyekuwa akienda Meru alisimama kwenye geti akaniulizia. Alikuwa na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba, na harufu yake ilifika kabla yake. Ilikuwa samaki mkavu wa Turkana. "Njiru anakusalimu sana," akasema. "Yuko sawa. Hii ni ya Ekai, utingo wake. Yeye ndiye ameikausha. Amesema nikwambie usiogope kichwa, kichwa ndicho kitamu." Mimi nimezaliwa nyanda za juu za Meru, kwenye ndizi na viazi. Nyumbani kwetu samaki alikuwa mnyama wa kwenye Biblia. Nilimwosha, nikamchemsha, nikamkaanga, na kila nilichomfanyia kilizidi kumnukisha, mpaka Mama Wanja akasema kupitia juu ya ukuta, "Kathure, umefiwa na nini huko ndani?" Lakini nilimla. Nilimla wote, na kichwa pia, nikiwa peke yangu mezani, huku nikimwambia Njiru na huyo Ekai nisiyemjua kwamba ni kitamu, ingawa mifupa ilinichoma ufizi. Mpaka leo nikiona samaki mkavu sokoni naona chumba kile: taa ya chemni, meza yenye mguu mfupi uliotiwa kadibodi, na mimi nikizungumza na wanaume wawili walio mbali.

Salamu hizo ndizo zilikuwa za mwisho. Aprili haikuleta mtu, wala Mei. Kwenye redio walisema barabara za kule zimefungwa na vita, kisha wakasema habari nyingine. Nilimwuliza kila dereva wa malori aliyesimama Embu kunywa chai, mpaka wakaanza kunikwepa. Na jioni moja ya Juni, nikiwa nachambua mchele kitandani, nikamsikia Mama Wanja na dada yake aliyekuja kutoka Runyenjes, upande wa pili wa ukuta, wakinywa chai.

"Huyu wa gari bado anangoja?" dada akauliza.

"Anangoja. Kila siku anapika ya watu wawili. Mimi huona sufuria akiosha."

"Na bwana?"

"Bwana gani? Wale wa Sudan hurudi? Ashapata mwingine hapo Lokichogio. Huyu ameachiwa gari haina magurudumu, hata kumfuata hawezi kumfuata nayo."

Walicheka. Kisha Mama Wanja akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Na si ati namcheka. Mimi humhurumia. Huyo msichana hata halii. Ningemsikia akilia ningeingia." Niliweza kuvumilia kicheko. Huruma ndiyo iliyonifukuza kitandani. Nilijua kwamba alikuwa ananisikiliza kila usiku, akingoja nilie ili apate njia ya kuingia, na mimi nilikuwa nikibana pumzi ili asisikie, na ukuta ulikuwa mbao nyembamba tu ambayo mtoto angeivunja.

Jumamosi iliyofuata nilivaa ovaroli ya Njiru, nikakunja miguu yake mara mbili, nikachukua gunia nikatandika chini upande wa kulia wa gari. Nisingeweza kusema kwa nini. Nadhani nilichoka kuona kitu ambacho hakijamalizwa kila nilipoenda kuteka maji. Nilianza na brashi ya waya kama nilivyomwona akifanya. Kutu ilinidondokea usoni na mdomoni, ikiwa na ladha ya damu. Nilisugua mpaka vifundo vya vidole vikachunika, nikaosha kwa petroli na mswaki wa zamani, nikapiga msasa. Nilipofungua kikopo cha Njiru, rangi ilikuwa imekauka ikawa kama sabuni. Basi nikakipeleka kifuniko chake dukani mjini. Muuzaji akaangalia kifuniko, akaangalia rafu, akasema, "Ile ya moto hatuna, madam. Chukua hii, si wekundu ni ule ule?" Ilikuwa rangi ya mafuta, ya kupaka milango na madirisha. Mimi wekundu ndio niliotaka. Nilifunika diski kwa magazeti na gamu tepu ili isipate hata tone moja, nikalala ubavu kwenye gunia, nikaanza kupaka.

Julai ya Embu ni baridi na manyunyu yasiyoisha. Rangi haikukauka. Niliifunika kwa mwavuli na mfuko wa mbolea, nikaleta jiko la makaa nikaliweka karibu, nikakaa hapo kwenye kigoda nikilinda. Mama Wanja alitoka na ndoo akasimama. "Leo gari nayo inaota moto?" Nikamwambia, "Rangi inakataa kukauka." Alitazama ile kalipa, akanitazama nilivyokuwa na rangi mpaka kwenye nyusi. Aliingia kwake akatoka na kikombe cha uji wa mtama, akakiweka chini karibu nami, akaenda zake. Kwa majuma kadhaa kazi ile ilikuwa ndiyo nyumba yangu. Nikipaka mkono mmoja, naulinda, naupiga msasa kidogo, napaka mwingine. Ni saa hizo pekee, katika mwaka wote, ambapo sikuwa nikisikiliza geti. Nilipomaliza mkono wa mwisho na kuvua magazeti, pande zote mbili zilikuwa nyekundu, na nikasimama pale na brashi mkononi nikitafuta mtu wa kumwita aje aone. Hakukuwa na mtu. Niliona kwamba nimejiondolea kazi pekee niliyokuwa nayo.

Baba Wanja ndiye aliyeliona hilo. Alikuwa dereva wa lori la kutengenezea barabara, mtu wa maneno machache kiasi kwamba nilikuwa sijapata kusikia sauti yake ikipita juu ya ukuta. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akazunguka gari, akainama akatazama, akasema, "Sasa irudishiwe miguu." Tukayatoa magurudumu chumbani, akayafunga, akashusha jeki. Akaongeza, "Gari ikikaa sana inakufa. Utajifunza." Hivyo nikajifunza, Jumapili baada ya Jumapili, kwenye uwanja tambarare nje ya mji, huku Baba Wanja amekaa kando yangu na kofia magotini, akisema "klachi" na "polepole" na hakuna kingine. Kufikia Oktoba nilikuwa na leseni. Sikuenda popote nayo. Nilizunguka mji mara moja, nikarudi nikaliegesha karibu na bomba. Chumbani, mahali palipokuwa na magurudumu pakabaki alama nne za duara sakafuni, na kitanda kikaonekana kikubwa zaidi.

Alirudi Novemba, mchana wa mvua. Gari jeupe lilisimama nje ya geti, mlango ukafunguliwa kutoka nje na dereva, na mtu mwembamba akashuka akiwa ameubana mfuko wake kwapani kama mtu anayebeba kuku. Nilikuwa nafua. Alisema "Kathure," na ilikuwa sauti yake, nikakimbia na povu mikononi. Alinikumbatia kwa viwiko. Ndipo nikaona. Ngozi ya mikono yake yote miwili ilikuwa imekazana, laini, yenye kung'aa, rangi ya waridi kama ulimi, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjika ndani na kukataa kukunjuka. Nilimwingiza ndani nikamkalisha. Alikuwa amelazwa hospitalini Nairobi tangu Juni. Nairobi, ambako ningefika kwa nusu siku.

"Kwa nini hukutuma mtu?" nikamwuliza. "Hata neno moja?"

"Ungekuja," akasema.

Nilimpikia. Alishika kijiko kwa ngumi kama mtoto, maharagwe yakamwagika mezani, na nilipoinuka kumsaidia alivuta sahani upande wake. Mvua ilipokatika alitoka nje kuliona gari. Nilimfuata hadi mlangoni. Alichuchumaa upande wa kushoto, akachungulia kwenye matundu ya rimu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akazunguka. Alichuchumaa upande wa kulia akakaa hapo muda mrefu.

"Nani alimaliza huu?"

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa natabasamu. Nilidhani sasa nimempata wa kumwita aje aone.

"Lini?"

"Julai."

Alihesabu kitu kichwani. "Kwa hivyo Julai ulikuwa umeshajua sirudi."

"Sikujua kitu, Njiru. Hakuna mtu aliniambia kitu."

"Nilikwambia usiguse. Hii ndiyo ilikuwa kazi yangu. Huko kote nilikuwa nikiipaka kwa kichwa. Nikiwa kwa barabara, naipaka. Nikiwa kwa kitanda cha hospitali wakinibadilisha bandeji, naipaka. Naanza na brashi ya waya, nakuja msasa, naenda polepole isiishe." Akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. "Na hata hivyo ningeipaka na nini?"

Aliingia ndani. Nimekuwa na miaka mingi ya kuyafikiria maneno hayo. Tulikuwa tumekaa mwaka mzima, kila mmoja mahali pake, tumeshikilia kipande kile kile cha chuma, na sasa kipande hicho kilikuwa kati yetu. Kwa majuma yaliyofuata Njiru alikuwa nyumbani na mimi nilikuwa peke yangu zaidi kuliko nilivyokuwa Mei. Alikaa ndani ya gari. Asubuhi nilipoenda kazini nilimfungulia mlango akaketi upande wa abiria, na niliporudi jioni alikuwa pale pale, akitazama ua wa kayaba kupitia kioo. Nilipika chakula cha watu wawili na sahani zote mbili zilirudi nusu. Mama Wanja aliongea kwa kunong'ona siku hizo, na ploti ikawa na kimya kweli, kile kimya nilichokuwa nikikitamani zamani. Nilijiambia kwamba Krismasi ikipita nitarudi kwetu Nkubu. Nilikuwa nimeshamwomba msimamizi wangu ofisini anitafutie uhamisho. Nilikuwa nimeshatoa sanduku chini ya kitanda.

Desemba mama yake, aliyeishi karibu na Ishiara, akatuma neno kwa mwanamke mmoja aliyeleta ndengu sokoni Embu: kama mtoto wangu yu hai, nimwone. Njiru alisema, "Nipeleke," basi. Tulitoka asubuhi. Hakuwa amewahi kuniona nikiendesha, na nilijiandaa kwa maneno yake. Barabara ya Siakago wakati huo ilikuwa ya murram, changarawe nyekundu, inateremka kutoka kwenye migomba na baridi ya Embu mpaka kwenye joto na vichaka vya Mbeere, na mimi niliyejifunzia mahali tambarare niliogopa kila mteremko. Niliweka mguu kwenye breki nikauacha hapo. Dereva yeyote angeniambia nishushe gia. Njiru alitazama mbele.

Tulikuwa bado hatujafika Siakago niliposikia harufu. Mwanzoni ilikuwa kama plastiki kwenye jiko, kisha ikawa kali, ya kukata koo, na moshi mwembamba wa kijivu ukaanza kupanda kutoka gurudumu la mbele, upande wa kulia. Nilijua papo hapo ni nini: rangi ya milango. Nilitaka kusema, "Ni rangi tu." Lakini Njiru alikuwa ameshaanza kupiga kelele. "Simamisha! Simamisha!" Nilisimamisha kando ya barabara. Akaugeukia mlango wake, na mikono yake haikuweza kuufungua. Vidole viliteleza kwenye kitasa. Alijaribu kwa kiwiko, akajaribu kwa mdomo, kisha akaanza kupiga kioo kwa ngumi zile zilizokunjika, akipiga na kupiga, na sauti iliyomtoka haikuwa maneno. Niliruka nje, nikazunguka nikikimbia, nikaufungua mlango. Alianguka kwenye vumbi, akainuka, akakimbia kupita vichaka mpaka penye mwamba, akakaa chini akiwa amejifunika kichwa kwa mikono.

Niliuacha mlango wazi nikamfuata. Nilikaa karibu naye, si karibu sana. Nyuma yetu moshi ulipungua ukaisha. Palikuwa mahali pakavu, mbuzi wawili wakila majani ya mgunga, na hakuna mtu.

"Ni rangi," nikasema. "Si moto. Nilikosa ile ya kopo lako."

Akasema bila kuinua kichwa, "Ekai alikuwa akigonga hivyo."

Nikamsogelea kidogo.

"Lori lilikuwa limelala upande wake. Mimi nilikuwa nimetoka kwa kioo. Mlango wake ulikuwa umejikunja. Nilivuta. Ulikuwa moto, Kathure, hata huwezi kuona kama ni moto, unaona tu kama mkono si wako. Na yeye anagonga. Anaita jina langu, kisha haiti, anagonga tu. Nilivuta mpaka watu wakanitoa." Akainua mikono yake mbele ya uso wangu, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akaniacha niitazame. "Kila mtu husema nilichomeka kwa ajali. Sikuchomeka kwa ajali. Nilikuwa nimeshika mlango."

Niliichukua mikono yote miwili nikaiweka kwenye mapaja yangu. Hakuivuta. Ilikuwa na joto lisilo la kawaida, na ngozi ilikuwa nyororo, bila hata mstari mmoja. Nilimkumbuka kijana aliyenitumia neno la kichwa cha samaki, nikalia kwa sauti, mimi ambaye mwaka mzima nilikuwa nimebana pumzi, nililia mpaka mbuzi wakatugeukia. Njiru hakulia. Aliniegemea tu, uzito wake wote, kama mtu aliyetua gunia.

Tulingoja breki zipoe, tukaenda. Mimi nilishusha gia kwenye miteremko, kwa sababu sasa alikuwa akiniambia: "Ya tatu. Sasa ya pili. Wacha gari ijizuie yenyewe." Mama yake alikuwa ametandika mkeka kivulini, na sufuria ya ndengu ilikuwa jikoni tangu alfajiri. Alimkalisha mwanawe, akaiona ile mikono, akachota ndengu kwa kijiko akampelekea mdomoni, na Njiru, aliyekuwa akinyakua sahani kutoka kwangu, alifungua mdomo akala. Nilikaa kwenye ncha ya mkeka nikitazama. Nilimwonea wivu mwanamke mzee yule, na nilimshukuru, yote kwa pamoja. Alipomaliza alinipa kijiko bila kunitazama, akaenda kuteka maji, na kilichobaki kwenye bakuli nilimlisha mimi.

Tuliondoka jua likiwa bado juu kidogo, tukaanza kupanda. Na tulipokuwa tunapanda Njiru akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa Kiswahili chetu, kwa maana Kimbeere chake na Kimeru changu ni ndugu lakini si pacha, na sisi tangu mwanzo tulikuwa tumekutana katikati. Aliniambia majina ambayo Ekai aliwaita mbuzi wake wa nyumbani. Aliniambia jinsi walivyopotea njia siku mbili wakila biskuti za msaada, na jinsi Ekai alivyomfundisha kukausha samaki juu ya boneti. Aliniambia kuhusu nesi mmoja wa Tigania kule hospitalini, aliyezungumza Kimeru na mgonjwa wa kitanda cha pili, na sauti yake ilikuwa karibu sawa na yangu, basi kila alipoingia Njiru alijifanya amelala. "Nilikuwa nikifikiria, huyu akiniona hivi, ni kama wewe umeniona." Alisema hayo akitazama barabara, nami nikitazama barabara, na labda ndiyo sababu aliweza. Katika miaka yote iliyofuata, na tuliishi pamoja mingi, hakulirudia jambo hilo tena hata mara moja. Lakini siku ile hakunyamaza, si Siakago, si kwenye kona za migomba, si tulipoziona taa za kwanza za Embu zikiwashwa.

Niliingia kwenye ploti, nikalisimamisha gari karibu na bomba. Pazia la Mama Wanja lilisogea likarudi. Watoto walikuja wakikimbia, wakasimama walipoona hatushuki. Mshale wa petroli ulikuwa umelala chini kabisa. Njiru alikuwa katikati ya habari ya mpishi wa kambi na punda wake, mkono wake mmoja uliokunjika uko juu ya goti langu, nami nikatoa gia, nikavuta breki ya mkono, na kuiacha injini ingurume. Niliogopa kwamba nikiizima, naye atanyamaza.